Limekula Chumvi

Husemwa mtu mzima amekula chumvi nyingi.
Hapa Kajaani chumvi ndiyo inayokula.
Novemba, lori la manispaa hupita alfajiri
likiimwaga barabarani kama mpishi mwenye hasira,
na gari letu huilamba kwa tumbo
tangu mwaka niliozaliwa.

Ni Korola. Kadi inasema nyeupe.
Mlango wa nyuma kushoto hufungukia ndani tu,
dirisha la Jouko limeshikiliwa na kijiko cha mbao,
na kanda imekwama redioni tangu alipokwenda jeshini:
tukipita kwenye shimo huimba silabi moja,
kisha huona haya.

Mimi nilikaa mbele, maana nyuma nilitapika.
Chini ya miguu yangu palikuwa na tundu,
kwanza la ukubwa wa sarafu, baadaye la kisahani cha chai.
Nilitazama barabara ikikimbia humo:
kokoto, mstari, kokoto, mstari,
siku moja karoti yangu, ikaenda zake.
"Usimwambie mama yako," Baba alisema.

Mama alijua.
Sinia lake la kuokea lilipotea wiki ileile.
Alilikuta chini ya zulia, limechomelewa sakafuni,
bado lina alama ya biskuti za Krismasi iliyopita.
Alinunua jingine. Hakuuliza bei ya kuchomelea.

Usiku wa nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri
Baba hutoka na waya wa umeme begani,
akachomeka injini ukutani ipate joto,
taratibu, kama anayemnywesha mgonjwa uji.
"Lala," huliambia gari.
Sisi watoto tuliambiwa "Laleni!"
Tofauti si wingi tu.

Mwaka huu kaguzi mbili zikaangukia wiki moja.

Jumanne ilikuwa zamu ya gari.
Binti mmoja, Venla Kemppainen, aliingia uvunguni na tochi,
akagonga kwa bisibisi huku na huku:
du, du, du,
ting.
Akarudia. Ting.
Ile haikuwa sauti ya gari. Ilikuwa ya jikoni.
Akatoka na kutu kwenye nyusi.
"Hapa nani alitengeneza?"
"Mimi na Sulevi wa jirani," Baba akasema,
akatazama viatu vyake.
"Mke wangu alichangia chuma."
Binti akacheka hadi akashika meza.
Akapiga muhuri. Mwaka mmoja.

Alhamisi ilikuwa zamu ya Baba.
Daktari aliwasha herufi ukutani.
Mstari wa kwanza aliusoma kwa sauti ya mchungaji,
wa pili kama mtu anayekisia umri wa mwanamke,
wa tatu akauliza kama taa imezimwa.

Muhuri haukupigwa.
Njiani hakusema neno. Silabi ya kanda ilisema, mara mbili.

Basi sasa naendesha mimi.
Baba anakaa pale nilipokaa,
na kila kona, kabla sijafikiria breki,
mguu wake umeshakanyaga:
ting.
"Umechelewa," ananiambia.
Mama huko nyuma anafuma soksi,
haoni sababu ya kuingilia.

Jana baridi ilirudi.
Nikavaa koti nikachomeke waya,
nikakuta ndoano ni tupu.
Kupitia dirishani nikamwona kwenye theluji,
amevua glavu, anapapasa bampa,
taa, nembo, kile kipande kilichomeguka mwaka wa sherehe ya Jouko,
kwa kiganja, bila haraka,
mpaka waya ukaingia. Mara ya kwanza tu.

Sikusikia alichosema.
Alipoingia vidole vyake vilikuwa vyekundu,
sijui kwa baridi au kwa kutu.
Akalamba kimoja, akakunja uso.
"Chumvi," akasema,
akaenda kulala.